Jozi

Grenoble, Februari, saa nane usiku.
Mto Drac unasikika nyuma ya uzio wa kinu.
Odile kavunja jozi tatu kwa nyundo ya maabara,
jozi za shamba la baba yake kule Vinay,
akamsukumia Radka nusu moja. "Kula.
Nyutroni hazihesabiwi kwa tumbo tupu."

Fuwele imo ndani ya chuma, ndani ya chuma, ndani ya baridi.
Gramu moja kasoro,
nyeusi kama kucha iliyobanwa mlangoni.
Radka aliiotesha Brno, katika tanuru la vioo,
milimita moja kwa saa.
Nane zilipasuka. Ya tisa ilikubali.
Alisafiri nayo ndani ya kopo la dawa ya kichwa,
na kila treni ilipotikisika
mkono ulikwenda mfukoni wenyewe.

Sasa wanamtuma mgeni.
Mgeni huyu hana chaji: elektroni hazimsalimu,
anapita katikati ya atomu
kama mtu asiyedai wala kudaiwa.
Ila moyoni kaficha kisumaku,
na kisumaku kikikutana na mwenzake
hakijifanyi kipofu: kinayumba, kinapinda,
kinatoka na mwendo uliopungua.
Huo upungufu ndio habari.

Chini ya nyuzi thelathini na nane za Kelvini
elektroni za fuwele hii hushikana mbili mbili
na umeme hupita bila kutozwa ushuru.
Sumaku na umeme wa namna hiyo, tuliambiwa shuleni,
hawakai chumba kimoja.
Mbona basi hapa visumaku havihami?
Radka anashuku kwamba vinatetema pamoja,
kwa nishati moja tu,
kama vile ndivyo vilivyofunga hiyo ndoa.

Kitambuzi kinagonga. Tik.
Kinanyamaza muda wa kumenya yai.
Tik.

Saa tisa na robo kilele kikasimama kwenye skrini.
Radka naye akasimama, kiti kikaanguka.
Odile hakuinuka.
"Pasha moto," alisema.

Maana cha kweli lazima kife kwenye joto.
Nyuzi arobaini. Arobaini na tano. Hamsini.
Elektroni zimeshaachana, kila moja na njia yake,
na kilele kipo palepale,
kimenyooka, kinene, hakina haya.

"Ni skrubu," Odile alisema.
"Alumini ya kishikio. Tumeipongeza skrubu."

Radka alicheka hadi kicheko kikageuka kitu kingine,
akaenda kunawa uso.
Aliporudi, fuwele ilikuwa nje, juu ya karatasi,
na Odile, miwani kwenye ncha ya pua,
alikuwa anavalisha skrubu, moja baada ya moja,
bati jembamba la kadimiamu linalomeza nyutroni,
kwa subira ya mtu anayefunga vifungo vya mtoto.
Miaka ishirini na tisa ya kazi hii.
Jina lake limo mwishoni mwa makala nyingi,
kwenye mstari wa shukrani.

Kushusha baridi tena: saa tatu.
Kinu kinazimwa saa sita mchana.
Palibaki muda wa nukta sita.

Kumi na nne.
Kumi na tatu.
Kumi na saba.
Ishirini na mbili.
Kumi na nane.
Kumi na tatu.

Kisha king'ora, sauti ya pampu ikashuka,
na mara mto ukawa karibu.

Odile alikusanya maganda kwenye kiganja.
Aliacha jozi moja nzima juu ya daftari,
pembeni ya pale Radka alipoandika:
22, toa au ongeza 5.
Hakuandika kingine.
Alibonyeza kalamu, akaitazama ile tano.